Mtoto Si Rehani ya Bonasi

Oktoba, bonasi ya majani chai ikishaingia kwenye akaunti, hapa kwetu Silibwet, Kenya, hufumuka ugomvi ambao hakuna ofisi inayouhesabu. Wazazi walioachana huanza kumvuta mtoto huku na huku. Mama anasema: lete karo kwanza, ndipo umwone. Baba anajibu: nimwone kwanza, ndipo nitoe. Ndugu wa pande zote mbili wanashangilia. Na mtoto anayegombaniwa yuko darasani anaandika hesabu, hajui Jumamosi atalala kwa nani.

Huu ni unyama, na tumeuzoea.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamtwika mama na baba wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia baba asiyemwoa mama wa mtoto mwanya wa kuponyoka. Ya 2022 imeuziba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya iliuridhia 1990, unasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, ila pale kuonana huko kunapokwenda kinyume cha maslahi yake. Mwenye haki hapo ni mtoto. Baba hana cha kununua, mama hana cha kuuza. Baba asiyelipa ashtakiwe kwa kutolipa, na mama anayeficha mtoto ashtakiwe kwa kuficha. Kosa la mmoja halimpi mwenzake ruhusa ya kutenda lake.

Lakini hapa kwetu sheria haijafika nyumbani. Iliyofika ni mahari. Ng'ombe walitolewa? Basi ukoo wa baba unasema watoto ni wetu, mwanamke aende zake mikono mitupu. Hawakutolewa? Wajomba wanafunga lango: huyo hana mtoto hapa. Ng'ombe haohao wanatumika kumnyang'anya mama mwaka huu na kumfukuza baba mwaka ujao, na hakuna mzee anayeona aibu. Wazee wetu walipofanya talaka iwe ngumu kupita kiasi, walilinda nyumba. Leo nyumba inavunjika kwa wiki moja, na kilichobaki cha desturi ni kiburi cha kumiliki mtoto.

Turudi kwenye bonasi, maana hapo ndipo wanaume wengi wanapojificha. Chai aliichuma nani? Mara nyingi ni mama, kikapu mgongoni, tangu umande haujakauka, hadi foleni ya kupima kwenye kituo cha kununulia majani. Jina la mkulima kiwandani ni la nani? La mume. Siku mwanamke akiondoka, anaacha michai, anaacha malipo ya kila mwezi, anaacha bonasi, kisha anaambiwa alete risiti ya sare ya shule ndipo afikiriwe. Mwanamume wa namna hiyo anaposimama mbele ya chifu kulalamika kwamba ananyimwa mtoto, aulizwe kwanza fedha za Oktoba zilikwenda wapi. Ataonana na mtoto, ndiyo. Lakini aulizwe, na hadharani.

Nina neno pia kwa wanaoandika ratiba za kuonana na mtoto. Hakimu au afisa wa watoto anaandika "kila wikendi ya pili" na kufunga faili. Je, baba anayefanya kazi Nairobi atasafiri kila baada ya wiki mbili kwa nauli ipi? Mtoto anakabidhiwa wapi, na nani? Karatasi haisemi, kwa hiyo mtoto wa miaka sita anapakiwa kwenye bodaboda kama gunia la viazi, peke yake, hadi njia panda, na huko anasubiri mtu ambaye huenda amezima simu. Ratiba yenye akili ingefuata likizo za shule: ya Aprili kwa huyu, ya Agosti kwa yule. Ingetaja mahali pa kukabidhiana penye watu, kanisani au shuleni, na jina la mtu mzima wa kumpokea. Ingepanga simu ya kila wiki. Na ingeandika sehemu ya bonasi moja kwa moja ndani ya amri ya matunzo, kwa sababu kila mtu hapa anajua mwezi ambao pesa ipo.

Halafu kuna Desemba, ambayo ratiba nyingi hazithubutu kuigusa. Ndio msimu wa kuwatia vijana jandoni. Mvulana anaitwa kwa baba "kusalimia nyanya", na mama anapata habari kwamba mwanawe ameshaingia porini, bila yeye kuulizwa lolote, wala kijana mwenyewe. Kwa msichana hofu ni kubwa zaidi. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na bado likizo ndefu ndiyo kificho cha wanaoutaka, upande wa baba na wa mama vilevile. Karatasi isiyosema Desemba mtoto yuko wapi, na nani ana idhini ya nini, haijamlinda mtu.

Pale ambapo kulikuwa na kipigo, simwombei mpigaji wikendi yoyote nyumbani kwake. Amwone mtoto mbele ya mtu wa tatu, au asimwone kabisa mpaka mahakama itosheke.

Wazee wanapenda kunikumbusha kwamba Katiba inatambua usuluhishi wa jadi. Inautambua, kweli, na papo hapo inaukataza kukanyaga haki za mtu. Basi wazee wanaposuluhisha, wamwite mtoto mwenye umri wa kujieleza, wamsikilize, kama Sheria ya Watoto inavyotaka, tena bila wazazi chumbani. Wayaandike makubaliano, wayapeleke kwa afisa wa watoto yasajiliwe mahakamani yapate nguvu. Na wafanye hivyo Septemba, kabla bonasi haijalipwa.