Si Kila Mkristo Ameitwa Kuongoza

Hoja kwamba kila Mkristo ameitwa kuwa kiongozi, na kwamba asiyeongoza imani yake imedumaa, haina mashiko katika Maandiko. Matendo ya Mitume, sura ya 1, inaeleza jinsi nafasi ya Yuda Iskariote ilivyojazwa. Sharti halikuwa ufasaha wala kipaji cha kuamuru, bali kufuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana hadi kupaa kwake. Waliopendekezwa walikuwa wawili, Mathiya na Yusufu Barsaba. Kura ikamwangukia Mathiya. Barsaba alikosa cheo, lakini ufuasi wake haukupungua thamani. Yuda alikuwa na cheo na mfuko wa fedha, akapotea. Diotrefe naye, katika Waraka wa Tatu wa Yohana, anakemewa kwa kupenda ukubwa.

Watetezi wa hoja hiyo husema kanisa lisilo na viongozi huyumba. Ni kweli, lakini huyumba zaidi likiongozwa na wasiofuata. Petro mwenyewe, alipokwisha kukabidhiwa kondoo, aliagizwa kumfuata Bwana wake. Uongozi ni huduma ya baadhi. Ufuasi ni wajibu wa wote, wachungaji na maaskofu wakiwemo.