MGONJWA ALIYE MAHABUSI NI AMANA

Mwenye duka ajua maana ya amana. Mtu akikuwekea mali yake, ikaharibika kwa uzembe wako, utailipa. Wala hutasikizwa ukijitetea kwamba mwenyewe ni mtu mbaya. Ikiwa hivyo ndivyo kwa gunia la mahindi, itakuwaje kwa roho ya mwanaadamu?

Hapa Litumbandyosi, wilaya ya Mbinga, nalimshitaki kijana mmoja kwa wizi wa mali ya dukani, naye akakamatwa. Siku ya tatu nikapata habari kuwa ni mgonjwa, nikaenda kumtazama. Nalimkuta ana homa kali, mguu umefungwa pingu kitandani, na askari amesimama karibu hata kila neno alilomwambia mganga alilisikia. Mganga alitaka alazwe siku nne. Askari akasema gari larudi leo. Akarejeshwa siku ile ile, na dawa hazijamalizika. Kama aliiba au hakuiba, hiyo ni kazi ya hakimu. Lakini mimi sikumshitaki ili anyimwe tiba.

Wako wasemao: “Sisi raia wema hatuna dawa, mwizi apewe kwa nini?” Jawabu ni jepesi. Raia akiugua, hukopa nauli akaenda Mbinga mjini, au akafika hata Peramiho. Mahabusi hawezi, maana ufunguo umo mkononi mwa mwengine. Aliyeshika ufunguo ndiye aliyechukua deni.

Wala wasomaji wa Visiwani wasidhani kuwa haya ni ya Mbinga peke yake. Wenzetu 18 wa CUF walioshitakiwa kwa uhaini walikaa rumande Zanzibar mpaka Novemba 2000 pasina kuhukumiwa. Jamaa zao wajua uchungu wa kuuliza hali ya mtu kupitia dirisha la gereza.

Mganga akimtii askari, mwisho wake ni mauti. Afrika Kusini, Septemba 1977, Steve Biko aliumizwa kichwa mikononi mwa polisi. Daktari mmoja aliandika cheti kwamba hakuona ugonjwa. Wa pili aliridhia asafirishwe. Akalazwa uchi ndani ya Land Rover, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafa tarehe 12. Daktari huyo wa pili, Benjamin Tucker, alifutwa katika daftari la madaktari 1985, miaka minane baadaye.

Sheria si kwamba haipo. Katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 13, yaamuru utu wa aliye chini ya ulinzi utunzwe. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zasema mfungwa apate tiba sawa na ya walio nje, bila ya malipo, na kwamba uamuzi wa mganga usitenguliwe na asiyekuwa mganga. Na sisi Waislamu twasoma katika Suratul-Insan sifa za wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa.

Kwa hiyo chama chetu kidai mambo matatu: mahabusi apimwe aingiapo na atokapo, askari asimame anapoweza kuona lakini asisikie, na neno la mganga liandikwe, na atakayelipinga atie sahihi yake.

Nitakwenda mahakamani kudai mali yangu. Serikali nayo iwe tayari kuulizwa amana yake.