Sanduku la Sabufa: Mbao Gani, Gundi Gani?



Siku hizi kwaya nyingi za vigangoni huchanga fedha zipate sabufa ya kutolea sauti za besi. Mara nyingi mchango hutosha kununua spika tupu, na sanduku huachiwa seremala wa kijijini. Hapo ndipo fedha ya watu hupotea, maana spika njema ndani ya sanduku bovu hulia kama debe.

Spika husukuma hewa mbele na nyuma. Hewa hizo mbili zikikutana hubatilishana, na besi hufa. Kazi ya sanduku ni kuzitenga. Basi kuta zisitetemeke, wala maungio yasivujishe hewa.

Wengi humwagiza fundi mninga, kwa kuwa ni mti wa heshima. Ni kweli mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi, lakini ubao mzima, wowote ule, hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, na sanduku pana huanza kufumuka. Mninga tuuachie vitanda na makabati. Plaiwudi hutulia, kwa sababu tabaka zake zimepishana, moja yaizuia nyingine. Chukua ya milimita 18. Fundi akikuambia 12 yatosha, mjibu kwamba ya 18 ni ngumu kupinda zaidi ya mara 3. Tazama na ukingoni: ukiona matundu kati ya tabaka, iache dukani.

Kuna pia MDF, yaani nyuzi za mti zilizokandamizwa pamoja na gundi. Ni nzito, haina mafundo, na masanduku mengi ya nyumbani hutengenezwa kwayo. Lakini kama bati la kanisa lavuja, au sanduku hupakiwa pikipiki kwenda kigango cha pili, mimi nachagua plaiwudi. MDF ikinywa maji huvimba, wala hairudi. Ukitia skrubu ukingoni bila kutoboa kwanza, hupasuka. Fundi avae barakoa, maana vumbi lake hudhuru kifua. Nanyi akina mama, vipande vilivyobaki, vya MDF au vya plaiwudi, msivitie mekoni: moshi wa gundi ile una sumu.

Gundi nyeupe ya maseremala yatosha kabisa. Maungio yakikutana sawasawa, hushika kuliko mbao yenyewe, pengo haizibi. Paka, bana kwa jiliwa au skrubu, kisha ngoja saa 24. Gundi ya viatu hubaki laini na huachia kwenye joto. Hiyo ni ya kubandikia zulia la nje tu. Pembe za ndani zipakwe silikoni, nayo ikauke kabisa kabla ya kufunga spika.

Mwisho, bonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole, kisha iachie. Ikirudi polepole, sanduku halivuji. Ikirudi mara moja, tafuta pengo. Sanduku lililotobolewa tundu la hewa makusudi halipimwi hivyo.