Vita dhidi ya sumu ya mahindi vianzie ghalani

Magonjwa mengi yanayopigwa vita na serikali zetu yana mjumbe anayejulikana. Malaria huletwa na mbu, na kipindupindu huletwa na maji machafu. Lakini lipo janga moja ambalo mwananchi wa Zombe, kama mwenzake wa Makueni, hulivuna mwenyewe, akalitia guniani, akalipika na kuwapakulia watoto wake bila ya kulitambua. Janga hilo ni aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu linaloota katika mahindi yasiyokauka vyema.

Mtu yeyote anayedhani kwamba haya ni mambo ya kutiliwa chumvi na aukumbuke mwaka wa 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliripotiwa kuugua kutokana na sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa wakazi wa Makueni na Kitui. Hiyo ni kusema kwamba katika kila wagonjwa watano, karibu wawili walizikwa. Isitoshe, hilo halikuwa pigo la kwanza. Mnamo 1981, wagonjwa 20 walipatikana katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, na 12 kati yao wakaaga dunia. Miaka zaidi ya 20 ilipita kati ya onyo na maafa. Taifa lililoonywa likanyamaza haliwezi kusingizia ugeni wa jambo.

Inafaa ieleweke jinsi balaa hili linavyoingia nyumbani. Kuvu lenyewe huishi udongoni, na hushambulia mahindi yangali shambani, hasa yanapodhoofishwa na ukame. Kisha mvua ikinyesha wakati wa mavuno, au mkulima akiyaweka mahindi ghalani yangali na unyevu, kuvu hupata joto na maji linayoyahitaji, likasitawi na kumwaga sumu yake. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Ugali unaweza kuiva vizuri, ukanukia vizuri, nao ukawa na mauti ndani yake. Anayekula sumu nyingi kwa mara moja huharibika ini, macho yakageuka manjano na tumbo likafura. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa ikiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Baadhi ya watu husema kwamba waliokufa waliponzwa na ujinga. Kauli hiyo ni ya kikatili, na tena si ya kweli. Uchunguzi uliofanywa wakati wa mkasa wa 2004 ulionyesha kwamba waathiriwa wengi walikuwa wameyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Nani asiyejua sababu? Pale ambapo mvua hukosa msimu baada ya msimu, debe la mahindi ni mali ya kulindwa kama ng'ombe. Mtu huyavuna mapema kwa kuhofia wezi, na hulala nayo chumba kimoja kwa sababu hiyo hiyo. Na yakishavunda, huyala. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye njaa hana miiko.

Kwa sababu hii, tunasema kwamba vita hivi haviwezi kushindwa katika wadi za hospitali. Mgonjwa aliyefikishwa hospitalini akiwa amefura tumbo amechelewa, kwani sumu hii haina dawa ya kuikata. Ushindi uko ghalani, na ufunguo wa ghala uko mikononi mwa Serikali ya Kaunti.

Katiba ya 2010, katika Ratiba yake ya Nne, ilizikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani, pamoja na mamlaka ya kusimamia biashara zinazouzia umma vyakula. Ratiba hiyo hiyo ilizikabidhi kaunti kazi ya kilimo. Kabla ya ugatuzi kuanza kutekelezwa mwaka wa 2013, bwana shamba na bwana afya waliripoti kwa wizara mbili tofauti jijini Nairobi. Leo wote wawili wana mwajiri mmoja, naye yuko mjini Kitui. Kwa hivyo hakuna tena udhuru wa idara ya afya kusema kwamba mahindi ni shauri la kilimo, wala wa idara ya kilimo kusema kwamba vifo ni shauri la afya. Sumu hii hukaa katikati ya ofisi hizo mbili, na kila zinapokosa kusemezana, hupata pa kujificha.

Tungependa kuona mambo matatu yakitendeka katika wadi ya Zombe/Mwitika na kwingineko. Kwanza, vifaa vya kupimia unyevu wa nafaka viwe karibu na mkulima wakati wa mavuno. Mahindi salama ni yale ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 13.5, na kiwango hicho hakiwezi kukadiriwa kwa jicho. Turubai za kuanikia mahindi na magunia mazuri ya kuhifadhia ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya wagonjwa na majeneza.

Pili, mahindi yanapopatikana na sumu, yasichukuliwe hivi hivi. Afisa anayeteketeza magunia matano ya mjane na kumwachia hotuba amemfundisha jambo moja tu: mwaka ujao ayafiche. Chakula kibovu kibadilishwe kwa chakula kizuri, na bajeti ya kaunti itenge fungu la kazi hiyo mapema. Bila ya hivyo, mahindi hayo yatauzwa usiku, yatapikiwa pombe, au watapewa ng'ombe, na sumu itarudi kwa mtoto kupitia maziwa.

Tatu, mkulima ahimizwe kurudia mazao yanayoielewa ardhi yake. Mtama, wimbi, ndengu na mbaazi hustahimili jua la Kitui kuliko mahindi. Mazao haya nayo yanahitaji kukaushwa na kuhifadhiwa vyema, lakini familia isiyotegemea mahindi pekee haiwi mateka wa gunia moja lililovunda. Muthokoi nao, ambao mama zetu wameupika tangu zamani, una hekima yake, kwani utafiti umeonyesha kwamba kukoboa mahindi hupunguza sumu, ingawa hakuimalizi.

Sasa tunawageukia walimu na wanafunzi. Shule nyingi za Ukambani hupokea mahindi na maharagwe kutoka kwa wazazi. Ghala la shule ni mahali ambapo mavuno ya nyumba mia moja hukutana, na gunia moja baya laweza kutiwa katika sufuria ya wanafunzi wote. Ni kweli kwamba shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, lakini afya ya umma ni jukumu la kaunti, na mwanafunzi mgonjwa hatauliza ni serikali gani iliyomlisha. Mwalimu mkuu asisubiri afisa abishe hodi. Amwite.

Somo la sayansi nalo lina kazi hapa. Mwanafunzi achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie konzi kadhaa za mahindi na vijiko vichache vya chumvi kavu, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yangali mabichi mno kuhifadhiwa. Jaribio hilo halipimi sumu, bali hupima unyevu unaoizaa, nalo halihitaji maabara. Mtoto anayelijua akiwa shuleni atalipeleka nyumbani kabla ya gari lolote la serikali kufika huko.

Wala wakazi wa mijini wasidhani kwamba hili ni tatizo la Ukambani pekee. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii. Machi 2021, Kenya ilisimamisha kwa muda uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu iyo hiyo. Ikiwa taifa zima laweza kufunga mpaka kwa kuihofia sumu hii, haiwi haki mkulima wa Zombe aachwe apambane nayo peke yake.

Mvua zitakuja na mavuno yatafuata. Serikali ya Kaunti ya Kitui haina budi kuamua, kabla ya magunia kushonwa, iwapo itapeleka maafisa wake ghalani au itawangojea wananchi katika vyumba vya maiti.