Huyu Mama Anajua Kulea, Kilichobaki ni Cheti

Wasee, hii tabia ya kumpa kila mama mkimbizi cherehani na shanga tuiangalie tena. Ukipita Kayole ama Eastleigh utapata wamama kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Sudan Kusini wakilea watoto wa majirani kwa chumba kimoja, kuanzia saa kumi na moja asubuhi, mama zao wakikimbilia Gikomba. Kazi tayari wanaifanya. Mbona hakuna wa kuwafunza na kuwapa cheti?

Na cheti si mapambo ya ukuta. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi aliyetambuliwa anaweza kufanya kazi ya ujuzi wake, ikiwa ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka za Kenya. Soma hapo mwisho tena. Karatasi za huyu mama zilibaki Bukavu siku alipotoroka, kama alikuwa nazo. Akienda chuo cha hapa, mara nyingi swali la kwanza ni KCSE yako iko wapi. KCSE, maze, ya mtu aliyesomea Kongo!

Halafu kuna ile inaniuma zaidi. Yeye pia ana watoto. Nani atawaangalia akiwa darasani? Yaani anashindwa kusomea malezi kwa kukosa mtu wa kumlelea. Mradi wowote wa mafunzo usio na chumba cha watoto hapo hapo chuoni, kwangu ni wa kupiga picha za ripoti tu.

Venye naona, masomo yawe mafupi, kwa Kiswahili, na asiyekijua bado aanzie hapo. Wapimwe kwa vitendo. Anajua kumlaza mtoto mchanga chali? Mtoto akikabwa na chakula anafanya nini? Anayeharisha anapewa ORS vipi, na ni saa ngapi umkimbize kliniki? Hayo hayataki KCSE. Na wakifanya mazoezi kwenye daycare za mtaani, walipwe hata nauli.

Najua komenti zinakuja: "Na Wakenya wasio na kazi je?" Swali halali. Lakini mfikirie dem wa Mukuru mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Kibarua anaweza kukipata, pa kumwacha mtoto ndio hana. Daycare moja poa inawatoa wamama kadhaa nyumbani kila asubuhi, na wengi wao ni Wakenya. Darasa nalo liwe la wote, wakimbizi na wenyeji, tusianzishe vita ya mtaa bure.

Wala hii si kazi ya UNHCR pekee. Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, na Nairobi ina sheria yake ya vituo hivyo tangu 2017. Kwa hivyo MCA wako akija kuomba kura, muulize ni daycare ngapi za wadi yake zimesajiliwa na ni walezi wangapi wamefunzwa. Muulize kabla hajaanza kugawa leso.