Fedha za Kusafisha Udongo Zishikwe na Wenye Udongo

Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilikwenda sokoni na hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi na kwa riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kiasi kilichoombwa. Magazeti yaliandika sana juu ya mabomba na Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hayakuandika sana kwamba maji ya Tanga hutoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, wala kwamba mamlaka hiyo ilikwisha kushirikiana na umoja wa wakulima wa huko juu, UWAMAKIZI, ili kingo za mto zitunzwe. Maana yake ni kwamba mnywaji wa bondeni amekubali kugharimia usafi wa mlimani. Nasema fikra hiyo ipandishwe hadi Lushoto, Usambara Magharibi, itoke kwenye ukingo wa mto iingie ndani ya udongo wenyewe, na fedha zake zishikwe na kijiji badala ya kupita juu ya kichwa chake.

Udongo wa Lushoto una nini hata udai kusafishwa? Tazameni mabonde ya mboga ya Lukozi, Malindi na Shume asubuhi ya kupiga dawa. Mkulima anakuja na bomba la mgongoni, anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anachanganya dawa mbili au tatu kwa pamoja kwa kuwa ile moja wadudu wamekwisha kuizoea, na akimaliza anasuuza bomba pale pale mferejini alikochotea maji. Chupa tupu hubaki kwenye kingo za shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta theluthi moja wakichanganya dawa namna hiyo, na asilimia 68 wakisema waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyizia. Upande wa mashariki wa milima kuna jeraha la namna nyingine: wachimbaji wa dhahabu walivamia misitu ya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaondolewa, mashimo yakabaki. Uchimbaji mdogo nchini mwetu hukamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki haiozi.

Hata hivyo nisitie chumvi. Si kila kinachonyunyiziwa hubaki ardhini. Dawa nyingi za leo huvunjika kwa siku au wiki chache zikipata jua, maji na vijidudu vya udongo. Dawa za ukungu zenye shaba ni habari nyingine, maana shaba ni madini. Kila msimu wa nyanya na viazi huongeza juu ya ile ya msimu uliopita. DDT nayo hubadilika ikawa kitu kingine kinachodumu miongo. Kwa hiyo shamba moja laweza kuwa salama na la jirani yake likawa na mzigo wa miaka arobaini, na macho hayawezi kuyatofautisha. Wapo watakaosema kwamba kwa kuwa hakuna ushahidi wa shamba kwa shamba, hakuna haja ya fedha. Mimi naona kinyume chake: fedha ya kwanza kabisa inayohitajika Lushoto ni ya kupima, maana kijiji kisichojua udongo wake hakiwezi kudai lolote kwa yeyote, na kila mtaalamu atakayekuja atakiambia atakalo. Wamarekani waliliona hili mapema. Sheria yao ya mwaka 1980 ya kusafisha maeneo yenye sumu ilikuwa na mfuko mkubwa, lakini wananchi walikaa mikutanoni wakisikiliza wahandisi wa serikali na wa kampuni wakibishana kwa lugha isiyoeleweka. Mwaka 1986 sheria ikarekebishwa, na kikundi cha wakazi kikaruhusiwa kupewa ruzuku ya hadi dola 50,000 ili kiajiri mshauri wake chenyewe, asiyetumwa na mtu mwingine. Kwa taifa tajiri hizo ni fedha ndogo mno. Ila ndizo zilizomwezesha mkazi kuuliza swali la pili baada ya kujibiwa la kwanza.

Ubaya wa kusafisha bila swali la pili tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea shehena ya viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki. Vikahifadhiwa katika banda, banda likaanguka, sumu ikanyeshewa mvua kwa miaka. Baadaye lundo likaondolewa na pakahesabiwa kuwa pamesafishwa. Mwaka 2004 watafiti wakachapisha matokeo ya vipimo vyao: uchafuzi wa DDT na wenzake ulikuwa bado mkubwa mno ardhini. Na Vikuge, jamani, ni shamba la majani ya mifugo. Walioondoa lundo walitimiza walichoagizwa, maana waliagizwa kuondoa mali iliyoharibika. Udongo haukuwa kwenye orodha. Ndivyo ilivyo kwa msaada unaopangwa mbali: huhesabu magunia na mapipa, ukafunga hesabu, ukaondoka. Mradi wa Afrika wa kuondoa viuatilifu chakavu, ulioanza mwaka 2005 na Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo, ulikuwa na fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, na ulikuwa na heri nyingi. Lakini nao ulitazama maghala. Bonde la kabichi si ghala, na halitaingia katika mradi wa namna hiyo hata siku moja.

Wazee wa Mlalo, huko huko Lushoto, hawahitaji kuambiwa habari za msaada unaotoka juu. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliendesha huko mpango wa kurudisha rutuba, ukaenezwa katika Usambara yote: kila mlimaji achimbe matuta kukingama mteremko, asiyechimba atozwe faini. Kama elimu ya udongo, haukuwa upuuzi. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini kazi ngumu iliwaangukia wanawake, mavuno ya haraka hayakuonekana, na watu wakawa na hofu kwamba anayewalazimisha kuitengeneza ardhi anajiandaa kuichukua. Wakakataa. Upinzani wa matuta ukawa siasa, siasa ikakifaa chama cha TANU, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ukatupwa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 1981, ukaja mradi wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani, ukiwa na shabaha ile ile ya kuzuia udongo usiende na maji. Safari hii mkulima alipewa kitu mkononi: majani ya Guatemala ya kupanda kwenye makinga maji ambayo ng'ombe wa zizini aliyala, miche ya miti, samadi. Makinga yale utayaona mpaka leo. Wala sisemi kwamba yalienea kila mahali. Utafiti mmoja wa Usambara Magharibi, uliochapishwa mwaka 2004, ulieleza kwa nini wengine hawakuyachukua: umiliki wa shamba usio na uhakika, shamba kuwa mbali na nyumba, na faida kuchelewa. Anayelima shamba la kuazima hawezi kulitengenezea mwenziwe. Basi mambo mawili yaliyoua matuta, yaani shuruti na hofu ya kunyang'anywa, ndiyo yatakayoua usafishaji wa sumu iwapo utakuja kwa njia ile ile.

Hapa nitaambiwa: fedha ukizipeleka kijijini zitaliwa. Sitajifanya kiziwi. Mwaka 2023 Serikali yenyewe ilisitisha mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa sababu ya ubadhirifu, ikaja kuirudisha mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Lakini tuseme ukweli wote. Mingi ya mikopo ile ilipotelea katika vikundi vilivyoundwa ili kukopa na katika ofisi zilizoidhinisha, si katika mkutano mkuu wa kijiji. Fedha ya kupima udongo ni rahisi kuilinda kuliko mkopo wa kufugia kuku. Sampuli hutolewa hadharani, majibu hurudi kwa maandishi yenye jina la shamba, na kila mwenye shamba ana hamu ya kuyaona. Fedha hiyo ilipwe moja kwa moja kwa maabara, kijiji kikiwa ndicho kinachoagiza na kupokea majibu. Akitaka mtu kuiba hapo, itambidi aibe mbele ya jirani anayesubiri kujua kama karoti zake zinalika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: aliyechafua alipe, kwa nini umma ubebe? Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeiweka kanuni hiyo, na inaruhusu amri ya kumlazimisha mchafuzi arejeshe mazingira. Ni kanuni nzuri pale mchafuzi anapojulikana na yupo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walikuwa na mchafuzi wa kunyooshewa kidole: kiwanda cha kuyeyusha betri kilichotia madini ya risasi katika damu za watoto wao mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kufungwa, na hapo mshtakiwa anajulikana kwa jina na anwani! Lushoto mchafuzi ni nani? Ni maelfu ya wakulima waliofundishwa na mabwana shamba kwamba dawa ndiyo maendeleo, ni wauzaji wa dukani, ni waagizaji, ni sisi walaji wa Kariakoo tunaokataa kabichi yenye tundu moja la mdudu. Ukimshika mkulima peke yake utamwonea. Njia ya haki ni kutoza kidogo kila mahali: tozo ndogo juu ya viuatilifu vinavyoingia nchini, na sehemu ya ule ushuru wa mazao ambao halmashauri hukusanya magari ya mboga yanapoteremka mlima kupitia Soni. Udongo umekuwa ukilipa ushuru miaka yote pasipo kurudishiwa chochote. Na mnywaji wa bondeni achangie pia. Lushoto haimo katika bonde la Zigi, lakini maji yake huingia Umba na Mkomazi, na mito yote hiyo iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo watumiaji huilipa.

Limebaki pingamizi ambalo halisemwi mkutanoni, husemwa njiani: tukipimwa tukakutwa na sumu, nani atanunua mboga za Lushoto, na serikali haitatunyang'anya mashamba? Hofu hii ina msingi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu waziri kutangaza ardhi kuwa hatarishi, nayo inataja maeneo ya kutupia taka za hatari pamoja na miteremko mikali, kana kwamba iliandikwa na mtu aliyesimama Lushoto. Mkulima anayefikiri hatakubali shamba lake lichimbwe sampuli mpaka ahakikishiwe kwa maandishi kwamba majibu hayatakuwa hati ya kumfukuza. Uhakika huo uwe sharti la kwanza la fedha zozote, na halmashauri iutoe kabla koleo halijagusa ardhi. Kuhusu soko, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku mzigo mmoja utakapokamatwa na kutangazwa, soko halitauliza umetoka Shume au Mlalo. Mlima mzima utaadhibiwa. Kijiji chenye majibu yake mkononi kitaweza kujitetea.

Majibu mabaya nayo si mwisho wa shamba. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, yalikuwa mwamba mtupu mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu. Kampuni iliyochimba ndiyo iliyogharimia. Shamba la Lushoto lililozidi shaba laweza kupewa miti ya mbao. Chokaa na samadi hupunguza shaba inayoingia kwenye mmea. Penye DDT pasipandwe majani ya kulishia ng'ombe, kwa kuwa DDT hukaa kwenye mafuta na hupita hadi kwenye maziwa ya mtoto. Miti ya mbao huchelewa, na mwenye nusu eka hawezi kungoja miaka kumi na mitano bila kula. Hapo ndipo ruzuku ya kufidia msimu inapohitajika zaidi kuliko mtambo wowote wa kigeni. Bajeti za halmashauri huanzia kwenye mipango ya vijiji, na mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila robo mwaka. Kituo cha utafiti wa udongo kipo Mlingano, Muheza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo Arusha. Kijiji kitakachotaka kuanza hakihitaji kusubiri mradi: kiandike katika mpango wake wa mwaka huu mstari mmoja wa upimaji wa udongo wa mashamba ya bondeni, na kimtake diwani wake aeleze katika baraza la madiwani ni kwa sababu gani ushuru wa kabichi usiugharimie.