Kelele Haiachi Alama, Ndiyo Maana Hakuna Anayeilipia

Mwaka jana kulichimbwa kisima hapa Siakago, karibu na boma la shosho. Kama unajua Mbeere, unajua maji kwetu si mchezo. Lori la kuchimba lilipofika watu walishangilia kabisa, watoto wakalikimbilia kama ni gavana amekuja.

Sherehe iliisha saa mbili usiku. Hapo ndipo tuligundua hao jamaa hawalali. Kompresa ilinguruma usiku kucha, mabomba yakigongana, ardhi ikitetemeka hadi vikombe vikaanza kuongea kabatini. Saa tisa usiku nikaona taa ya shosho imewaka. Nikaenda nikampata amekaa tu kitandani. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema, "Sisikii mbuzi."

Ilinichukua muda kuelewa. Sisi wa simu tunalinda vitu kwa kufuli na kamera. Shosho analinda boma kwa masikio. Anajua mbwa akibwekea mpita njia na mbwa akibwekea kitu kibaya. Anajua mbuzi akilia njaa na mbuzi akilia hofu. Usiku ule mlinzi wake alikuwa amefungwa mdomo.

Nilitoa simu nikapima na ile programu ya kupima sauti. Pale dirishani kwake ilisoma 70 na kitu. Najua programu ya simu si kipimo rasmi, usiipeleke kortini. Lakini hiyo namba ilinikaa kichwani.

Siku ya pili maji yakatoka. Hakuna aliyelalamika, hata mimi. Tulisamehe ile kelele kwa sababu mbili tu: iliisha, na maji yalikuwa yetu.

Sasa ondoa hizo sababu mbili. Kelele isiishe baada ya usiku mbili. Na kinachotoka ardhini kisiwe chako. Hapo ndipo nataka tuongee kuhusu mafuta.

Kisima chetu kilikuwa cha watoto

Kisima cha mafuta hupita kilomita moja kwenda chini, na huchimbwa mchana na usiku, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Hawasimami usiku kwa sababu mtambo unalipiwa kwa siku, na pia ukisimama vibaya mabomba yanaweza kukwama huko chini. Kuna genereta kubwa za dizeli, pampu za kusukuma matope, vyuma kugongana, malori kuingia na kutoka. Halafu wakimaliza kisima kimoja wanasogea kidogo tu, wanaanza kingine palepale.

Angalia majirani zetu Uganda. Mradi wa Tilenga, unaoendeshwa na TotalEnergies kule Buliisa na Nwoya, umepangiwa visima zaidi ya 400 kwenye maeneo 31 ya kuchimbia. Baadhi ya maeneo hayo yako ndani ya mbuga ya Murchison Falls, mengine yako kati ya vijiji. Uchimbaji ulianza 2023. Tangu hapo wakazi karibu na mitambo wamelalamika kuhusu kelele, vumbi na mwanga unaofanya usiku uonekane mchana. Shirika la AFIEGO la Uganda limesema mitetemo ya mitambo inawasukuma tembo watoke mbugani waingie mashambani mwa watu.

Sasa hapa ndipo pananichoma. Kampuni yenyewe imesema hadharani kwamba mitambo yake ya Tilenga imeundwa ipunguze kelele, sana sana kwa ajili ya mbuga. Sawa, hongera. Lakini hiyo inamaanisha kelele inaweza kupunguzwa. Si mapenzi ya Mungu. Ni uamuzi wa mtu fulani aliyekaa na bajeti.

Huku kwetu

Kenya mafuta yaligunduliwa 2012, kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, Turkana. Mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza iliondoka Mombasa baada ya mafuta kubebwa na malori kutoka kule juu. Mwaka huohuo tukapata Sheria ya Petroli. Inagawa mapato ya serikali hivi: asilimia 75 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 5 jamii ya pale mafuta yanatoka. Mwaka wa 2025 Tullow ikakubali kuuza mali yake ya Turkana kwa Gulf Energy, kwa angalau dola milioni 120. Maana yake ni kwamba baada ya miaka mingi ya kungoja, mitambo inajiandaa kunguruma tena.

Kila pipa lina hesabu. Kila asilimia imeandikwa. Ardhi ina mthamini, mti una bei, kaburi lina fidia. Kelele haina chochote. Nadhani najua kwa nini: kelele haiachi alama. Mafuta yakimwagika, unapiga picha, unaweka TikTok, mtu anaaibika. Mtambo ukinguruma miezi mitatu halafu uzimwe, asubuhi yake hakuna cha kuonyesha. Kuna tu watu wenye macho mekundu, mtoto aliyesinzia darasani, na mzee aliyeibiwa mbuzi sita akiwa macho kitandani, hasikii kitu.

Na Turkana si Pipeline Estate. Mchungaji hufuata mifugo yake kwa kengele na sauti hata kabla hajaiona. Mahali penye historia ya wizi wa mifugo, ukimya wa usiku ni ulinzi. Ukimnyima mtu huo ukimya, umemnyima askari. Halafu unamwambia avumilie, ni maendeleo.

Sheria iko, tena kali

Wengi hawajui hii, kwa hivyo piga picha ya skrini. Tangu 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira. Eneo la makazi, nje ya nyumba, mwisho ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Na usiku wa sheria unaanza saa mbili.

35 ni kidogo sana. Ni kama watu wananong'ona chumba cha pili. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Tena desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukitoka 35 ukafika 70 hujaongeza mara mbili. Nguvu ya sauti imeongezeka zaidi ya mara 3,000, na sikio linaisikia kama imekuwa kubwa mara 10 hivi. Ongeza kwamba usiku hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu, kwa hivyo sauti iliyokuwa inapanda hupindishwa irudi chini na kusafiri mbali zaidi. Ndiyo maana mtambo ambao mchana huusikii, usiku uko nawe kitandani.

Katiba nayo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema ukienda kortini kutetea haki hiyo, si lazima uthibitishe kwamba kuna mtu ameumia au amepata hasara. Soma tena hapo. Hutakiwi kungoja shosho augue. Na jedwali la nne linaweka udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo gavana hawezi kukuambia hiyo ni ya Nairobi.

Tena Kenya tayari ishakubali kwamba kelele ya kuchimba inaweza kumfukuza mtu nyumbani. Olkaria, 2014, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa kupisha mradi wa mvuke wa Olkaria IV, na kelele ya visima, pamoja na gesi inayotoka navyo, ilikuwa kati ya sababu. Mvuke si mafuta, lakini mtambo wa kuchimba ni ndugu yake. Wakazi walipeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia kuhusu jinsi uhamisho ulivyofanywa. Kwa hivyo kelele ikihitajika kukuhamisha, inahesabika. Ikihitajika kulipiwa ukiwa umebaki, haisikiki.

"Lakini mjini tunalala na kelele"

Najua mtaandika hiyo. Wewe wa Umoja uko na baa chini ya kitanda, kanisa ubavuni, na matatu inapiga besi hadi meno yanacheza. Unauliza, watu wa Lokichar ni nani wasivumilie?

Kwanza, kelele yako pia ni haramu. Kuzoea si ruhusa. Pili, hiyo baa iko na jina, meneja, na chifu anayejua nambari yake. Ukichoka sana unahama nyumba mwisho wa mwezi. Mtu wa boma lenye makaburi ya babu zake anahamia wapi?

Wengine watasema hii kelele yangu itafukuza wawekezaji. Zii. Colorado kule Marekani wanachimba mafuta na gesi hadi leo, na tangu 2021 kanuni yao inataka visima vipya viwe futi 2,000 kutoka nyumba za watu, kama mita 610 hivi. Kuna njia za kuomba kusogea karibu, lakini lazima uombe, na lazima ueleze. Wawekezaji hawakukimbia. Walinunua utepe wa kupimia.

Ninachotaka

Sitaki mafuta yabaki ardhini ili mimi nionekane mpole. Kaunti zilizosahaulika zinahitaji pesa, hiyo siwezi kubishana nayo. Nataka mambo manne tu, na yote ni ya bei ndogo ukilinganisha na mtambo mmoja.

Moja, kelele ipimwe kabla mtambo haujafika. Usiku, mlangoni mwa nyumba ya karibu, ili kuwe na namba ya ukimya wao. Bila hiyo namba, baadaye kampuni itasema ni upepo.

Mbili, namba ziwekwe wazi kila siku kazi ikiendelea. Ubao kwa chifu, ujumbe kwa simu, kwa lugha ya pale. Si ripoti ya kurasa 400 iliyofungiwa ofisi fulani.

Tatu, kuta za kuzuia sauti, genereta zilizofunikwa, na malori yasipite vijijini usiku. Kama tembo wa Murchison wanafikiriwa, mtoto wa Lokichar afikiriwe pia.

Nne, usiku ukizidi kiwango, ulipwe. Kwa kila boma, kwa kila usiku. Utashangaa jinsi mitambo itakavyonyamaza haraka.

Na sisi tusio Turkana tuna kazi. Kwetu Mbeere tuna mabwawa ya mto Tana yanayowasha taa nchi nzima: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Tunajua vizuri kuishi kando ya utajiri unaopita kwa nyaya juu ya kichwa chako ukienda kwingine. Kwa hivyo tusijifanye hatuelewi mtu wa Lokichar akisema kitu kinatoka kwake na kinachobaki ni usumbufu.

Wiki ile baada ya kisima kumalizika nilimuuliza shosho kama ile kelele ilimsumbua. Akacheka, akasema maji ni maji. Nikamuuliza, je, kama wangekaa miezi mitatu na maji yaende Mombasa?

Hakucheka. Alisema, "Basi wangenilipa usingizi wangu."

Shosho hajasoma kanuni za 2009. Lakini amefika mahali ambapo serikali bado haijafika.

Kama unaishi karibu na mtambo wowote, wa mafuta, mawe ya kuvunja, kiwanda, chochote, pima leo saa tatu usiku mlangoni kwako, hata na simu tu. Andika tarehe, saa na namba. Fanya hivyo usiku 10 mfululizo, halafu peleka barua kwa kaunti na nakala kwa NEMA, ukiomba waje wapime rasmi. Ukipata jibu, niambie hapa chini. Usipopata, niambie pia, tupeleke ya pili tukiwa wengi.